Alamisho za kivinjari: kuhifadhi rahisi, kutafuta tabu

Ninafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na kivinjari ninachotumia kwenye kompyuta ya ofisini ndicho kilichomo pia kwenye simu yangu. Katika kuhifadhi ukurasa kama alamisho, yaani kiungo cha kuurudia baadaye, sina lawama: unabonyeza Ctrl pamoja na D, au unagusa ile nyota iliyo pembeni mwa anwani, basi. Tabu huanza pale mteja anapokuwa amekaa mbele ya meza, kontena lake liko bandarini, naye anataka kujua atalipa ushuru wa asilimia ngapi.

Kivinjari huhifadhi kichwa cha ukurasa na anwani yake tu. Maandishi ya ndani hayamo, wala hakuna nafasi ya kuandika sababu ya kuuhifadhi. Kwa kuwa tovuti nyingi hutanguliza jina la ofisi katika kila kichwa, mstari wa alamisho juu ya skrini hunionyesha vipande vinavyofanana, vyote vikianza na jina lile lile na kukatika kabla ya kufikia neno ninalolitaka. Nikitafuta “vitenge” sipati kitu, ingawa neno hilo limeandikwa waziwazi ndani ya ukurasa. Inabidi nifungue mmoja mmoja, na nikiwa nje ya ofisi, bando linakwisha kwa kurasa nisizozihitaji.

Folda nazo hazinisaidii sana, kwa sababu ukurasa mpya huingizwa kwenye folda iliyotumika mwisho, na kurasa nilizohifadhi kwenye simu huwekwa kwenye folda ya peke yake.

Kinachoniudhi zaidi ni kurasa zinazobadilika. Viwango vya ushuru vya Jumuiya ya Afrika Mashariki hurekebishwa kwa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai; mwaka 2022, kwa mfano, ndipo kilipoanza kutumika kiwango cha juu cha asilimia 35 katika ushuru wa pamoja wa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya. Alamisho haikuambii kwamba ukurasa umeandikwa upya au umeondolewa. Kwa kazi kama yetu, ambapo kiwango cha zamani humtia mteja hasara, huo ni upungufu mkubwa.

Kwa sasa ninaandika kichwa upya kabla ya kuhifadhi, nikitanguliza bidhaa na mwaka, na waraka muhimu ninaupakua kabisa. Kivinjari kingine, Firefox, huruhusu alamisho moja kupewa lebo kadhaa, na kwa sababu hiyo ninafikiria kuhamia huko.