Nyumba ya Wapangaji Wengi au Chumba cha Self Jijini Arusha

Anayetafuta makazi Arusha kwa kipato kidogo huchagua kati ya chumba katika nyumba ya wapangaji wengi, kama zilivyojaa katika mitaa ya Ngarenaro na Unga Limited, na chumba cha self chenye choo chake ndani. Nyumba ya wapangaji ina kodi nafuu, na jirani hukuanulia nguo mvua inapoanza. Lakini LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya pamoja huzua ugomvi usiokwisha, kwa kuwa mwenye pasi na mwenye taa moja hutakiwa kuchangia sawasawa, na foleni ya bafuni alfajiri ya Julai, kwa baridi ya huku, haizoeleki. Chumba cha self huondoa kero hizo, ingawa kodi ya miezi sita kwa mkupuo huumiza. Mwenye mtoto mchanga ningemshauri achague majirani, mradi kila chumba kiwe na mita yake.