Equilab na jozi za kati: kipimo cha dau kubwa

Mchezaji wa Texas Hold'em, aina ya mchezo wa karata wa poka, aliyepata jozi ya saba, nane, tisa au kumi hujiona ana mkono mzuri hadi anapoweka dau na mpinzani akalipandisha tena, na hapo hushindwa kujua kama afuate au atupe karata. Kwa ajili ya swali hilo hasa nimekuwa nikitumia Equilab, programu ya bure ya kompyuta za Windows iliyotolewa na PokerStrategy.com, na naiona kuwa msaada mkubwa, mradi mtumiaji aelewe inahesabu nini na haihesabu nini.

Kiini chake ni jedwali la miraba 169, ambapo kila mraba ni aina moja ya mkono wa kuanzia, yaani karata mbili ambazo mchezaji hupewa mwanzoni. Unaandika karata zako, unabofya miraba ya mikono unayodhani mpinzani anaweza kuwa nayo, na programu inakupa asilimia ya ushindi ya kila upande. Kazi ngumu ni kule kubofya, kwa sababu huwezi kusema tu kwamba mtu huyu ni mkali. Ni lazima utaje ukali wake una karata zipi.

Nitoe mfano wa usiku mmoja nilipokuwa na tisa ya kopa na tisa ya shupaza. Mpinzani alisukuma kila alichokuwa nacho, mezani pakawa na shilingi 6,000 pamoja na dau lake, nami nikatakiwa kuongeza 4,000, kiasi ambacho kilidai niwe na nafasi ya kushinda isiyopungua asilimia 40, kwa kuwa ningeweka 4,000 kati ya jumla ya 10,000. Nilitupa karata. Nyumbani nikabofya jozi za malkia, wafalme na ree, pamoja na ree na mfalme, nikapata takriban asilimia 36. Nilipoongeza jozi za kumi na za ghulamu, na ree na malkia, nilitarajia hesabu ibadilike sana, lakini ilifika kama 37 tu, kwa kuwa jozi kubwa zilizoongezeka zilikula karibu faida yote iliyoletwa na ree na malkia. Ni pale nilipoweka jozi za sita, saba na nane ndipo ilipopanda hadi kama 47. Kwa hiyo swali la kujiuliza mezani halikuwa kama mtu yule anacheza mikono mingi, bali kama angeweza kusukuma zote akiwa na jozi ndogo kuliko yangu, na kwa jinsi nilivyomwona akicheza usiku ule, sidhani. Ugunduzi huo peke yake ulinitosha kuithamini programu hii.

Upungufu wake unaonekana pale ambapo wachezaji bado wana fedha za kupigia dau. Asilimia inayotoa huchukulia kwamba karata zote tano za mezani zitafunuliwa bila yeyote kulazimishwa kujitoa, ilhali jozi ya kati huteseka hasa katika raundi za dau zinazofuata. Ukiwa na jozi ya tisa, flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, huleta angalau karata moja kubwa kuliko tisa karibu mara 4 kati ya 5, na tisa ya tatu hutokea kwa takriban asilimia 12 tu. Ukitangulia kucheza mbele ya mtu anayepiga dau mfululizo, mara nyingi utatupa mkono ambao bado ulikuwa unaongoza. Kwa maamuzi hayo zipo programu nzito za kulipia kama PioSOLVER, ambazo hukokotoa hata madau yenyewe, ingawa simshauri anayeanza kuzinunua kabla hajazoea kujaza jedwali la Equilab kwa uaminifu.

Sehemu ya mazoezi ya Equilab, inayokutaka ukisie asilimia kabla ya kuonyeshwa jibu, ifanye kila siku kwa dakika chache. Mezani hutakuwa na kompyuta, na mpinzani aliyekwisha kusukuma zote hatakusubiri ujaze miraba.