Kasi nimeipata, diski yangu sijarudishiwa

“Mama, ulitaka spidi, spidi si umepata?” Maneno hayo bado yananichoma. Aliyeyatamka ni fundi kompyuta mmoja wa hapa Mtwara mjini, kijana ambaye sitamtaja, asiyeinua hata macho kutoka kwenye simu yake, nami nimesimama mbele ya meza yake na laptopu kwapani, juani, kwa kuwa kibanda chake kina kiti kimoja tu nacho alikuwa amekikalia mwenyewe. Kwa hiyo yote nitakayoeleza hapa kuhusu kuondoa diski ya zamani ya laptopu na kuweka SSD, yaani diski ya kisasa iliyo na kasi zaidi, yasomwe mkijua kwamba nina hasira.

Nina steshenari ndogo maeneo ya Chuno. Natoa kopi, nachapa barua, najaza fomu za wanafunzi, na msimu wa korosho ukifika huwa nakichapia chama kimoja cha msingi orodha za wakulima na kilo walizopeleka ghalani. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, na kwa miezi mingi imekuwa ikiniaibisha mbele ya wateja. Asubuhi niliiwasha, nikafagia kibaraza, nikapanga karatasi, nikavuka barabara kununua vitumbua, na niliporudi vile vidoa vya Windows vilikuwa bado vinazunguka kwenye kioo. Mtu anayewahi hospitali ya Ligula na anataka kopi ya kitambulisho hawezi kungoja vidoa. Hunyanyuka kimya kimya akaenda kwa mwenzangu wa upande wa pili.

Nilisitasita sana kati ya kutafuta mashine nyingine na kuitengeneza hii. Aliyenitoa kwenye mashaka ni mpwa wangu, ambaye alifungua kile kidirisha kinachoonyesha mashine inahangaika na nini, akanionyesha kwamba prosesa imekaa karibu bila kazi ilhali diski imefika asilimia 100 na haishuki. “Shangazi, mashine haijachoka, inaisubiri diski tu,” akaniambia. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa cha kusomea kinachohama huku na huku kutafuta vipande vya faili, na ya kwangu ilikuwa imeshaanza kugonga ko-ko-ko kama mtu anayebisha hodi. SSD haina kitu chochote kinachozunguka. Alinionya pia kwamba prosesa yangu ni ya zamani mno kukubaliwa na Windows 11, na kwamba masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma Oktoba 14, 2025, jambo ambalo SSD haiwezi kulitibu. Nilimsikia, nikaamua kwamba kwa kazi za kuchapa na kutoa kopi inatosha.

Fundi alinitoza elfu 95, kifaa na ufundi pamoja, akasema nirudi kesho. Kesho yake ilikuwa siku ya nne. Hata hivyo siwezi kusema uongo: nilipoiwasha dukani, kabla sijavuta kiti nikae vizuri, ilikuwa imeshafunguka. Niliizima nikaiwasha tena, nikidhani ni bahati. Nikamwita jirani wa vitumbua aje aone, naye ambaye hajui hata kipanya ni nini akacheka pamoja nami.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alasiri, alipokuja katibu wa chama kutaka orodha ya msimu uliopita. Nikatafuta sehemu ya D, kile kipande cha diski ninakohifadhi kazi zote. Haikuwapo. Fundi alikuwa ameweka Windows mpya, akahamisha vilivyokuwa mezani na kwenye folda ya nyaraka, basi. Ya D hakuigusa wala hakuniuliza.

Nikachukua bajaji kurudi kwake nikiwa bado na adabu, kwa sababu niliamini diski ya zamani anayo na kwamba ni suala la kunakili tu. Kwanza akaniambia aliitupa kwa kuwa ilikuwa mbovu. Nilipombana akasema desturi ya mafundi ni kubaki na kifaa kilichotolewa. Nilipombana zaidi ikabainika kwamba ameifomati, ameiweka kwenye kasha na kumuuzia mwanafunzi kama diski ya nje. Nikamuuliza: kama ilikuwa mbovu, umemuuziaje mtu? Hapo ndipo aliponijibu lile neno la spidi.

Mnielewe kwa nini sijalala vizuri tangu hapo. Humo hamkuwa na orodha za korosho peke yake. Mlikuwa na vitambulisho vya taifa vya wateja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao, na barua za kuomba kazi zenye namba zao za simu. Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili na kuyaacha mafaili yenyewe palepale, na programu za kuyafufua zinapatikana bure. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na aliyepokea vitambulisho hivyo kwa mikono yake ni mimi. Mwanafunzi mwenyewe hajulikani yuko wapi. Fundi anasema “wa chuo”, kana kwamba hilo ni jina.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia msiweke SSD kabisa. Sasa naona namwadhibu asiyekosa. Kifaa ni kizuri, na kama mashine yako inalemewa na diski kama yangu, kiweke kabla hujatupa fedha kwenye laptopu nyingine. Mpwa wangu anasema tungeweza kuihamisha diski yote kwenye mpya kwa kebo ya USB, D ikiwemo, halafu ile ya zamani tungeitia sisi wenyewe kwenye kasha ikawa akiba. Pia anasema nilipaswa kuwa na nakala kwingine. Ni kweli, kosa hilo ni langu. La, nusu yake tu: sikumuuzia mtu diski yangu, nilimpa fundi mashine aitengeneze. Ukienda, simama hapo hapo bisibisi inapofungua mfuniko, na diski iliyotoka iingie mkobani mwako kabla hujatoa shilingi.

Katibu ameniletea madaftari ya chama, nami nimeanza kuchapa upya, jina kwa jina, kilo kwa kilo. Nimefika daftari la tatu kati ya saba. Laptopu haijaganda hata mara moja, na kila inapofunguka upesi namkumbuka yule kijana na simu yake.