Kilengeo cha nukta nyekundu kwenye bastola ya mashindano: nilichochagua na kwa nini

Nimepiga shabaha kwa vilengeo vya chuma tangu nilipopata leseni, wala sikuwa na haraka ya kuviacha. Kilichonisukuma ni macho. Ukishavuka miaka arobaini, ile ncha ya mbele ya bastola huanza kufifia, na miwani inayoirudisha hukoroga shabaha yenyewe. Nukta nyekundu, yaani kioo kidogo juu ya bastola kinachoonyesha nukta ya mwanga, humaliza ugomvi huo. Huonekana kama imebandikwa palepale unapolenga, hivyo jicho lina kazi moja tu ya kutazama mbali, na macho yote mawili hubaki wazi.

Bastola yangu ni Glock 17 MOS, yaani slaidi yake (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapopiga) imekatwa kiwandani ipokee kilengeo cha aina hii. Nashindana IDPA, mashindano ya bastola yanayoiga hali za kujihami, mara nyingi Kirigiti kule Kiambu. Anayetaka kubadilisha ajue kwamba ukishafunga nukta juu ya slaidi, daraja la SSP, la bastola za kawaida zenye vilengeo vya chuma, si lako tena. Unahamia daraja la Carry Optics na kupambana na wenye nukta wenzako. Wa IPSC, mfumo mwingine wa mashindano ya bastola, nao wana daraja la Production Optics.

Watu wengi huanza kwa kuuliza chapa. Kwa sisi wa Nairobi, mimi nasema anza na matundu ya skrubu. Kila kampuni ina mpangilio wake wa matundu, na kilengeo kisichooana na slaidi yako kinahitaji bamba la kati. Glock MOS ina mabamba ya namba: 01 ni la jamii ya Docter, ambamo Vortex Venom na Burris FastFire huingia, 02 ni la Trijicon RMR, 03 la C-More, 04 la Leupold DeltaPoint. Hilo la 02 ndilo nililolitaka, kwa sababu matundu ya RMR yametumiwa pia na Trijicon SRO na aina kadhaa za Holosun. Kikiharibika kimoja, naazima kingine kwa mwenzangu uwanjani na mechi inaendelea. Maduka mengi ya mtandaoni ya Marekani hayatumi vifaa hivi nje ya nchi bila kibali, kwa hiyo bamba dogo tu la chuma linaweza kukuweka roho juu kama mtu anayengoja gari lake litoke bandarini Mombasa. Mimi nilipitia duka la silaha lenye leseni, nikalipa zaidi, nikalala usingizi.

Skrubu zenyewe usizidharau. Kwenye Glock, ile ya upande wa kulia ikizidi urefu inaweza kugandamiza mtambo wa kitoa ganda, na bastola ikaanza kukwama ukadhani ni risasi mbovu. Trijicon hutaja nguvu ya kukaza ya inchi-pauni 12, karibu niutoni mita 1.4, ambayo ni ndogo kuliko mkono wa fundi wa kawaida unavyodhani. Safisha mafuta kwenye matundu, tia gundi ya skrubu ya buluu, kaza, kisha chora mstari wa rangi unaovuka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Mstari ukikatika, umejua mapema kwamba imelegea.

Baada ya matundu, kioo. Hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda, na sijuti. RMR ya kawaida ni imara sana, lakini kioo chake ni kidogo, na betri iko chini ya tumbo lake: kuibadilisha lazima ukifungue chote. Kwa askari sawa. Kwa mashindano, mkono unapochomoa bastola kwa kasi na kuileta usoni ikiwa imeinama kidogo, kioo kidogo hukuonyesha utupu. Nikabaki na viwili: SRO na Holosun 507 Comp. Vyote vina kioo kikubwa, na ukikosea mkao kidogo nukta bado iko mahali fulani ndani ya duara, inakuambia uelekee wapi.

Jamaa mmoja wa kikosi chetu ana SRO, akaniachia nipige nayo asubuhi nzima. Kioo chake cha mviringo kinapendeza, ukingo wake mwembamba karibu unapotea. Betri ni CR2032, huingia kwa juu. Hiyo ni faida kubwa hapa kwetu kwa sababu CR2032 ipo kila mahali, kuanzia supamaketi hadi kwa wauza vifaa vya umeme wa Luthuli Avenue. Holosun hutumia CR1632, iliyo nyembamba zaidi kwa upana. Baadhi ya funguo za Toyota huitumia, kwa hiyo haipotei kabisa, ila si kila kioski kitakuwa nayo. Mimi hununua kadhaa kwa mpigo, nazitia kwenye begi la uwanjani.

Kilichonifanya niegemee Holosun ni bei na duara. SRO huvuka dola 500 hukohuko Marekani kabla hujagusa usafiri na ushuru. Ile Holosun huwa chini yake. Halafu SRO inakulazimisha uchague ukubwa wa nukta siku ya kununua: MOA 1, 2.5 au 5 (MOA ni kipimo cha pembe, hesabu yake iko hapo chini). Kwenye 507 Comp nukta ni ya MOA 2, na unaweza kuizungushia duara la MOA 8, 20 au 32, au ukabaki na duara peke yake.

Tufanye hesabu, maana MOA huwatisha watu bure. MOA moja ni karibu milimita 29 kwa mita 100, kwa hiyo kwa mita 20 ni milimita 6 hivi. Duara la MOA 32 kwa umbali huo linafunika kama sentimita 18 na nusu. Lile duara la katikati la shabaha ya IDPA, ambalo ukilipiga hupotezi kitu, lina kipenyo cha inchi 8, yaani sentimita 20. Kwa hiyo mita 20 nikiona duara langu jekundu limejaa humo, najua nivute. Kila pointi unayoidondosha IDPA ni sekunde moja juu ya muda wako, na mimi sina miguu ya kuzifidia. Karibu zaidi, mita 7 kwa mfano, duara hilo ni la sentimita 6 na nusu tu na linadakwa na jicho upesi. Kwa shabaha ya kichwa cha mbali nahamia nukta peke yake.

Macho yako pia yana kauli. Mwenye astigmatizimu huona nukta imetawanyika kama nyota au koma. Ipige picha kwa simu kupitia kioo: kama kwenye picha ni duara safi, tatizo ni jicho, si kifaa. Watu hao mara nyingi hutulia zaidi na duara kuliko nukta.

Jua letu nalo halichezi. Saa sita mchana kwenye tuta la udongo mkavu, mwangaza uliotosha ukiwa chini ya banda la mabati hautoshi tena. Napandisha hadi nukta ionekane kwenye sehemu nyeupe kabisa ya uwanja, kisha nashusha hatua moja. Ikizidi huvimba na kuficha unachopiga.

Na vesti, kile kizibao cha juu! IDPA hutaka bastola ifichwe chini ya nguo, na kioo kikubwa hupenda kushika ukingo wa kitambaa. Fulana nyepesi ni shida. Vesti nzito kidogo yenye kitu mfukoni hupeperuka vizuri.

Usitarajie uchawi mwanzoni. Utachomoa na kuitafuta nukta huku saa inakimbia. Dawa ni mazoezi ya nyumbani, bastola tupu na risasi zikiwa chumba kingine. Bandika utepe mbele ya kioo: macho yote yakiwa wazi bado utaiona nukta juu ya shabaha, na ukianza kuitumbulia macho nukta yenyewe, shabaha inatoweka. Kumbuka pia kwamba kilengeo kiko juu ya mtutu, hivyo kwa mita 3 risasi hutua sentimita mbili tatu chini ya nukta. Kwenye kichwa cha karibu hilo linatosha kukuharibia.

Mvua ndiyo udhaifu wa vilengeo hivi vya wazi vyote, vya bei yoyote: tone likitua juu ya kile kitaa kidogo kinachotoa mwanga, nukta hupasuka vipande. Aimpoint ACRO P-2 imefungwa pande zote, nukta yake ni MOA 3.5, na betri ya CR2032 hutajwa kudumu saa 50,000. Kwa anayebeba bastola kila siku, pamoja na mvua za Aprili na vumbi jekundu la Januari, ningemwambia anunue hiyo. Dirisha lake ni dogo mno kwa ninavyoshindana mimi, kwa hiyo kwenye mechi za mvua nabeba kitambaa na nafuta kabla ya kuitwa.