Taarifa ya mwaka ya kasino: aliyefanya kamari kazi Marekani asiitegemee peke yake

Mwaka ukiisha, kasino za Marekani humpa mteja anayeomba karatasi moja au mbili zinazoitwa taarifa ya ushindi na hasara. Kwa kawaida hazilipiwi: unajaza ombi kwenye tovuti au dawati la wanachama, unaonyesha kitambulisho, unasubiri. Huduma hii naipima kwa mizani ya mtu mmoja tu, yule ambaye kamari ndiyo kazi inayomlisha. Mtu huyo anadaiwa kodi, na karatasi hii ndiyo wengi wao huikimbilia siku ya kujaza ritani inapokaribia.

Wanaobisha kwamba hadaiwi mara nyingi wamesikia habari za Uingereza. Kule, tangu hukumu ya Graham v Green ya mwaka 1925, mbashiri hatozwi kodi ya mapato kwa alichoshinda hata kama anaishi kwa farasi tu. Serikali inachukua chake kwa kampuni inayopokea madau. Marekani ni kinyume. Kila dola unayoshinda ni pato, uwe mzoefu au umepita njia tu. Kinachobadilika ni mahali pa kuandika: anayecheza kujifurahisha anaandika ushindi kwenye mapato mengine na hasara kwenye Jedwali A, fomu ya makato inayoambatana na ritani, iwapo tu anaorodhesha makato yake, aliyefanya kamari kazi anaandika vyote kwenye Jedwali C, fomu ya biashara, kama mwenye biashara yoyote, kisha analipa na kodi ya aliyejiajiri.

Nani basi ana haki ya Jedwali C? Jibu lilitolewa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1987 katika kesi ya Robert Groetzinger, aliyekuwa akibeti mbio za mbwa saa 60 hadi 80 kwa wiki, wiki 48 za mwaka 1978. Mwaka huo aliambulia hasara ya dola 2,032, na bado mahakama ikasema ile ilikuwa biashara. Kilichotazamwa ni mambo mawili: anacheza mfululizo bila kukatakata, na shabaha yake kuu ni kipato. Taarifa ya kasino haisaidii hata kidogo hapo, kwa sababu haionyeshi ulikaa saa ngapi wala siku zipi.

Namba zake hutoka wapi? Kwenye kadi ya uanachama. Ukiichomeka kwenye mashine, mfumo unahesabu kilichoingia, kilichotoka na jakpoti zilizolipwa kwa mkono. Kwa mashine, basi, taarifa inakaribia ukweli na inastahili alama nzuri. Lakini ukisahau kadi mfukoni kwa nusu saa, nusu saa hiyo haipo. Na mwenzako akicheza kwa kadi yako ili kukuongezea pointi, hasara zake zinaingia kwa jina lako, jambo litakalokuumbua mbele ya mkaguzi kwa kuwa kumbukumbu zako zitasema ulikuwa kwingine.

Mezani mambo yanaharibika. Kwenye ruleti na karata za 21 hakuna mashine inayohesabu dau lako. Msimamizi wa meza anatupa jicho, anakadiria wastani wa dau, anaandika umeingia na kiasi gani na umesimama saa ngapi. Akiwa na meza nne za kuangalia, anaweza asione tokeni ulizotia mfukoni kabla ya kuondoka. Taarifa itasomeka umepoteza dola 3,000 wakati dola 1,800 kati ya hizo ulizibadilisha baadaye kwa keshia. Ndiyo maana taarifa nyingi hubeba maandishi madogo chini yakisema haya ni makadirio, si hesabu rasmi. Yasome, maana mkaguzi wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, atayasoma. Poka ndiyo kabisa: wachezaji wanachezeana wenyewe kwa wenyewe, nyumba inachukua ada yake tu, kwa hiyo usitarajie taarifa ikueleze ulipata nini pale.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba taarifa hukupa namba moja ya mwaka mzima, tuseme hasi dola 10,000 au chanya dola 10,000. Sheria haitaki hivyo. Inataka ushindi wote upande mmoja na hasara zote upande mwingine, ukihesabu kikao kwa kikao, yaani tangu unapoanza kucheza mpaka unapoondoka. Kosa jingine ni kujumlisha mara mbili: jakpoti iliyokwisha kuandikwa kwenye fomu W-2G, ambayo kasino huitoa kuripoti ushindi mkubwa, kwa kawaida imo pia ndani ya hesabu ya mashine. Ukichukua jumla ya W-2G na kuiongeza juu ya taarifa, umejitoza mwenyewe mara mbili. Tena, kuanzia mwaka 2026 fomu hizo zinapungua, kwa kuwa kiwango cha ushindi wa mashine kinacholazimu fomu kimepanda hadi dola 2,000 kutoka dola 1,200 zilizokuwepo tangu 1977. Kukosa fomu hakufuti deni.

Kwa nini namba moja inaumiza zaidi sasa? Kwa sababu ya sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 unaruhusiwa kukata asilimia 90 tu ya hasara, na bado huwezi kuvuka kiasi ulichoshinda. Chukua mtu aliyeshinda vikao vya jumla ya dola 200,000 na kupoteza vikao vya dola 190,000. Mfukoni ana dola 10,000. Hasara anayoruhusiwa ni dola 171,000, hivyo pato lake kisheria ni dola 29,000. Kodi ya aliyejiajiri ni asilimia 15.3 ya asilimia 92.35 ya pato hilo, yaani karibu dola 4,098, na kodi ya mapato yenyewe bado haijaguswa. Gharama za safari na malazi ya kikazi nazo zinahesabiwa ndani ya hasara, kwa hiyo nazo zinaruhusiwa asilimia 90 tu. Hasara iliyozidi haibebwi kwenda mwaka unaofuata. Sheria hii ni ngumu na naiona si ya haki, lakini ndiyo iliyopo, na anayegawa vikao vyake ovyo ndiye anayeongeza upande wa ushindi na wa hasara bila sababu.

Dawa ni daftari, na IRS yenyewe ilieleza mwaka 1977 liwe na nini: tarehe na aina ya mchezo, jina na anwani ya mahali, watu mliokuwa nao, ulichoshinda au kupoteza, kwa meza, namba ya meza, kwa mashine, namba ya mashine. Mstari mmoja unatosha: «Machi 14, saa 3:10 hadi 6:25 usiku, karata za 21, meza 12, nimeingia na 2,000, nimetoka na 1,350, hasara 650.» Uandikwe usiku uleule. Daftari lililojazwa Aprili kwa kalamu moja na mwandiko mmoja linajitangaza lenyewe. Risiti za mashine ya kutolea fedha na tiketi zilizoliwa ziwekwe kwenye bahasha ya mwezi husika.

Akaunti za kubeti mtandaoni zinafanya vizuri zaidi, kwa kuwa kila mkeka una muda na kiasi chake. Ila angalia mambo mawili kabla ya kuamini jumla: kama wamehesabu fedha ulizoweka na kutoa badala ya madau yaliyokwisha kuamuliwa, na kama mikeka iliyokuwa wazi usiku wa Desemba 31 imeingizwa mwaka usio wake. Pakua faili la miamala yote mapema, maana akaunti ikifungwa kulipata ni kazi.

Kwa hiyo iombe taarifa, lakini kama shahidi wa kuunga mkono daftari. Usiombe ya mwaka peke yake. Omba mchanganuo wa kila siku, kwani baadhi ya kasino zinao na hazikupi mpaka uutaje. Na uuombe kabla ya kila malipo ya makadirio ya kodi, yaani Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15, ili kama namba ya msimamizi wa meza inapishana na yako uidai wakati kumbukumbu bado ni mbichi pande zote mbili.