Uzoefu wangu: kakompyuta ka muvi sebuleni, na vita yangu na feni

Nilikuwa natumia desktop ya zamani, lile boksi kubwa ambalo mtaani tunaliita CPU, nimelichomeka kwenye TV ya nchi 43 sebuleni na lilikuwa linapiga kazi, muvi linacheza, mpira linaonyesha, ila feni lake sasa. Mtu kwenye muvi akinong'ona tunaongeza sauti, risasi zikianza mtoto anashtuka usingizini, tunapunguza, wananong'ona tena, tunaongeza. Mama watoto akalibatiza jenereta. Siku moja usiku umeme ukakatika, akakaa kimya kidogo halafu akaniambia "Baba Nasra, unasikia sebule ilivyotulia?" Nikajua hapo sina ujanja, jenereta linatoka.

Najua kuna wa kusema si ununue kiboksi cha Android mambo yaishe. Nilikuwa nacho, kile cha bei chee, kikipata moto kinaganda na faili likiwa zito kinaanza kukatakata kama king'amuzi siku ya mvua. Halafu mimi vitu vyangu vingi viko kwenye hadi diski, sitegemei bando, nina video za familia humo mpaka kanda ya harusi ya wazazi tuliyoitoa kwenye VHS. Nilitaka kompyuta kamili ila iwe ndogo na isisikike.

Nikaamua kutafuta zile ndogo za maofisini, mtumba. Zipo za kampuni tatu ndo zimejaa: Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro na HP EliteDesk Mini, zote zinafanana tabia. Mimi nikaangukia ThinkCentre M710q. Ukubwa wake ni kama kamusi, sentimita 18 kwa 18 hivi na unene haufiki sentimita 4, chaja yake iko nje kama ya laptop. Na chaja yenyewe ni ile ya kichwa cha mstatili, volti 20 wati 65, ya laptop za ThinkPad inaingia vizuri tu kwa hiyo ikifa hauhangaiki.

Kariakoo duka la kwanza jamaa ananiambia "Boss, i5 ni i5, hii imetoka Ulaya ofisini haijachoka." Nikamwambia kaka washa kwanza nione. Kuwasha, prosesa yake ya Intel ni i5-6500T. Sasa hapa ndo pesa ya watu inapopotea. Kwa hizi za zamani, hiyo namba ya kwanza baada ya i5 ndo jenaresheni, yaani kizazi cha prosesa. Ya 6 haina saketi kamili ya kufungua video za HEVC (aina ya kubana video) za biti 10, na muvi nyingi za 4K siku hizi ziko hivyo, kwa hiyo prosesa inajisukuma yenyewe, inapata moto, feni inapiga kelele, umerudi kwenye jenereta. Ya 7 ina Intel HD 630 ndani na hiyo HEVC ya biti 10 inaimeza kama maji, prosesa iko pale imekaa tu. Na ile herufi T mwishoni msiidharau, i5-7500T ni ya wati 35, i5-7500 bila T ni wati 65, joto tofauti kabisa. Duka la tatu nikapata 7500T, RAM 8, SSD 256, akaanza laki tano na nusu tukamalizana 480,000.

Nimefika nyumbani, nimechomeka, kimyaa. Nikajisifu. Kama dakika 20 ndani ya muvi nasikia kitu kinapiga mluzi, kwanza nikadhani ni nje. Ni yenyewe. Feni ya hivi vimashine ni ndogo, kwa hiyo ili ipooze inabidi izunguke haraka, na mluzi wake ni mwembamba, unaudhi kuliko ule mngurumo wa boksi kubwa, siwafichi. Mama watoto akanitazama tu.

Kesho yake nikaifungua. Skrubu moja nyuma, kifuniko unakisukuma mbele kinatoka. Vumbi lililokuwa kwenye yale mapezi ya shaba lilikuwa limeshikana kama sufi ya mto, nimelivuta na kibanio cha nyusi likatoka lote kipande kimoja, hewa ilikuwa haipiti kabisa. Miaka yote hiyo ofisini hakuna aliyewahi kuifungua. Chini yake ile pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka inabanduka kama chokaa ya ukutani. Nikasafisha na spiriti, nikapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele inatosha, msijaze kama mnapaka siagi.

Hapo ningeishia ningekuwa salama, lakini fundi mmoja akanishauri niweke tone la mafuta ya cherehani kwenye feni maana inakwaruza. Nikaweka. Siku mbili raha, siku ya tatu mafuta yamekusanya vumbi feni inalia kama paka. Nikanunua feni nyingine 25,000, ndo somo hilo nimelilipia mimi. Baada ya hapo muvi ikicheza joto la prosesa linakaa 58 hivi, kabla ilikuwa inagonga 84, na hii ni Dar mwezi wa pili, sebuleni kwenyewe ni 32 bila AC. Maana wanaosifia hivi vimashine wengi wako kwenye baridi, huku kwetu feni inaanza kazi ikiwa imeshachoka.

Kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio unayoingia mashine inapoanza kuwaka, pia kuna sehemu ya kuchagua tabia ya feni, ilikuwa imewekwa kwenye kupooza zaidi, nikaweka kwenye utulivu. Mluzi ukashuka papo hapo. Nilishangaa nilivyohangaika kote kule kabla ya kuangalia hapa.

Kilichobaki kilikuwa kabati. TV yangu iko juu ya kabati la mninga lenye vimilango na mimi kwa usafi nikaificha mashine mle ndani nikafunga. Nyie, mle ndani ni tanuri, inavuta hewa ileile iliyoitema. Nikaitoa nikaiweka juu, pembeni ya TV, wazi. Halafu hadi diski ya nje, ilikuwa ile kubwa ya nchi 3.5, ikizunguka mbao zote zinatetemeka nazo, kabati zima limekuwa sabufa, mmm mmm mmm usiku kucha. Nikahamishia mafaili kwenye ndogo ya nchi 2.5 ya TB 2, na chini yake nikakata kandambili iliyokufa vipande vinne, nikaweka na chini ya kompyuta vinne. Kicheko mlichocheka najua, lakini ule mtetemo uliisha palepale, na ndo kitu pekee kwenye mradi mzima ambacho sikukilipia.

Kwenye programu, ilikuja na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025 na jenaresheni ya 7 haiko kwenye orodha yao ya Windows 11, kwa hiyo sikutaka hata kuanza. Nikaweka LibreELEC kwa flashi, hii ni Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) ndogo sana ambayo kazi yake ni kuwasha Kodi, programu ya kuchezeshea muvi, basi, unawasha mashine unakuta menyu ya muvi kama uko kwenye king'amuzi. Safi mno. Nasra na mdogo wake ndo wakanishinda, wanataka YouTube na mimi nataka kivinjari cha kawaida cha kuangalizia mpira, nikahamia Linux Mint na Kodi inajiwasha yenyewe.

Na YouTube ikarudisha feni! Katuni tu za watoto lakini mashine inapiga mluzi kuliko ikicheza muvi ya 4K, nikajua pesti nimepaka vibaya, nikafungua tena, kumbe siyo. Video nyingi mtandaoni siku hizi zinakuja kwa AV1, aina nyingine ya kubana video, na Intel wameanza kuweka saketi ya AV1 kwenye jenaresheni ya 11 mwaka 2020, sasa hii ya kwangu inazifungua kwa nguvu za prosesa. Kwenye Firefox nikaandika about:config, nikatafuta media.av1.enabled nikaizima, video zikaanza kuja kwa VP9, aina ya zamani kidogo ambayo hii inaiweza, kimya kikarudi. Dakika moja hiyo, na nilishafungua skrubu bure.

Picha nayo ilinipotezea wikiendi. Tundu la HDMI la M710q ni la zamani, 4K linatoa picha 30 kwa sekunde tu, ukisogeza mausi unaona inavyovuta miguu. Njia ni kutumia DisplayPort, tundu lake jingine la picha, na adapta ya kugeuza kwenda HDMI. Nikauziwa ya 15,000, hola, ileile 30. Inatakiwa ile inayoitwa "active" iliyoandikwa HDMI 2.0 au 4K 60, hiyo nililipa 45,000 na ikakubali. HDR, ile ya mwanga na rangi kali zaidi, sahauni kwa mashine ya umri huu, mimi sijaifukuzia.

Halafu kuna kitu kinaitwa refreshi reti, yaani TV inachora picha mara ngapi kwa sekunde, ambacho watu wengi wanateseka nacho bila kujua. Muvi inapigwa picha 24 kwa sekunde, TV inachora 60. 24 haiingii kwenye 60 sawasawa, kwa hiyo picha moja inakaa mara tatu inayofuata mara mbili, ndo maana kamera ikipita taratibu kwenye mandhari unaona inajikwaa. Kwenye Kodi, mpangilio wa playback, kuna sehemu ya kuruhusu ibadilishe refreshi reti kufuata video, washa. Muvi inaenda 24, mpira wa Ulaya ambao mwingi ni 50 unaenda 50. Shemeji yangu ambaye hajui kitu chochote cha kompyuta alikaa akasema "mmenunua TV nyingine?" Na ukiona weusi umekuwa kijivu kama mkaa uliopoa, angalia kama kompyuta na TV zote zimewekwa aina moja ya kiwango cha rangi, "limited" kwa "limited" au "full" kwa "full". Moja ikienda huku na nyingine kule ndo inakuwa hivyo.

Rimoti nimetumia zile za kupunga hewani zenye kidongo cha USB, kile kipokezi kidogo unachochomeka kwenye kompyuta. Wiki nzima ilikuwa inashika inaachia, unabonyeza mara tatu inasikia mara moja, betri nimebadilisha mpaka basi. Nikaja kugundua ikisumbua ni pale hadi diski ikiwa imechomekwa tu. Ni kwamba USB 3 inatoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz ambayo rimoti inatumia, Intel wenyewe walishaandika kuhusu hili mwaka 2012. Kidongo kilikuwa kimebanana na waya wa hadi diski nyuma kule. Nikanunua waya wa kurefusha USB wa 3,000 nikakileta mbele, toka siku hiyo sijawahi kulalamika. Ila kuwasha na kuzima TV kwa rimoti hiyohiyo hakuna, hizi kompyuta hazina CEC, ile njia ya kuamrisha TV kupitia waya wa HDMI, bado nina rimoti mbili mezani na hiyo inaniudhi mpaka leo.

Umeme. Kwenye BIOS weka ikipotea umeme ikirudi ijiwashe, la sivyo kila ukikatika lazima uinuke ukabonyeze. Mimi nina na UPS ndogo, lile betri la kushikilia umeme ukikatika, maana hadi diski ikizimwa ghafla ikiwa inaandika, siku moja itagoma. Ulaji wake kwa kile kipimo cha soketi ni wati 15 hivi ikicheza muvi, masaa matano kwa siku hata uniti 3 kwa mwezi hazifiki. Lile CPU nililipima kabla sijaliuza, lilikuwa wati 80 likiwa halifanyi kitu.

Jumla ukiweka na feni, adapta zote mbili, rimoti, pesti na hadi diski nimetumia kama laki saba na nusu bila UPS. Kama huna mafaili yako na unaangalia vya mtandaoni tu, kiboksi cha Android kizuri kinakutosha na hela inabaki, na hautagombana na mtu nyumbani kwa kuacha skrubu kwenye zulia.

Sasa hivi natafuta ya pili kwa ajili ya mama kule Tanga, ameona kanda yake ya harusi na anaitaka kwake. Hiyo naweka LibreELEC tu, na safari hii nakwenda Kariakoo na bisibisi yangu mfukoni, nafungua kifuniko palepale kaunta kabla sijatoa hata mia.