TAHADHARI: Ripoti za udongo za kunakili, wanaojenga Kibaha kuweni macho

Wakuu, mwenye kiwanja Kibaha na anataka kuanza msingi, soma hili kabla hujatoa hela.

Dalali aliyeniuzia kiwanja aliniunganisha na "mtaalamu wa kupima udongo". Laki nne na nusu. Alikuja Februari, jua kali, na kijana mmoja. Wakachimba kishimo cha kufika magotini, wakapiga picha, wakatia udongo kidogo kwenye rambo, wakaondoka. Siku ya tatu nikaletewa ripoti ya kurasa 11 yenye nembo na mhuri wa mhandisi, na kwa wino mzito: udongo unabeba kilonyutoni 200 kwa mita ya mraba.

Nikafurahi. Fundi akasema hapo unaweka hata ghorofa. Na kwa hesabu tupu hakukosea sana, maana hiyo ni kama tani 20 kwa kila mita ya mraba, wakati nyumba ya chini ya tofali za saruji, msingi wa upana wa sentimita 60, mara nyingi haifiki hata nusu yake. Tukajenga msingi wa kawaida, tukapandisha kuta mpaka linta.

Masika yakaingia. Kufikia Mei kuta zilikuwa na nyufa za mshazari kuanzia pembe za madirisha. Mmoja kidole kinaingia.

Kibaha ina maeneo ya udongo wa mfinyanzi unaovimba. Kiangazi ni mgumu kama jiwe, jembe linaruka, na ukiupima wakati huo utakupa namba nzuri tu. Mvua ikinyesha unakunywa maji na kuinua nyumba, tena si sawasawa: pembe moja inapanda, nyingine imebaki chini. Kwa udongo wa namna hii kujua unabeba kiasi gani hakutoshi, lazima ujue unavimba kiasi gani. Ripoti yangu haikuwa na neno moja kuhusu kuvimba.

Kilichonimaliza ni jirani. Naye alipimiwa na jamaa huyohuyo. Tukaweka ripoti zetu mezani: zimebadilika jina la mteja na namba ya kiwanja tu. Ukurasa wa 6 zote mbili zinasema "mchanga mweupe wenye vipande vya kombe, maji yapo mita 2.1". Kombe za baharini, Kibaha! Huenda vipimo vilifanyika kweli, ila ufukweni, kwenye kiwanja cha mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo ukipewa ripoti, achana kwanza na ile namba kubwa. Kuiandika ni kazi ya dakika moja. Dai kilichoizaa. Mashimo yalichimbwa mangapi, wapi kwenye kiwanja chako, na yalipita kina cha msingi wako? Kila tabaka linaanzia mita ngapi, rangi gani, aina gani? Kama walitumia ile fimbo ya chuma yenye nyundo ya kilo 8, wenyewe wanaiita DCP, lazima kuwe na jedwali la kila pigo limeshuka milimita ngapi. Yangu ilitaja DCP na jedwali likiwemo, wakati kifaa chenyewe sikukiona kikishushwa kwenye gari. Dai pia karatasi za maabara, zenye tarehe na namba ya sampuli.

Halafu uliza: hiyo namba ni ya udongo kushindwa kabisa, au ni ile inayoruhusiwa kujengea? Ya kujengea hupatikana kwa kugawa ile ya kushindwa, kwa kawaida kwa 3. Ukichanganya hizo mbili, msingi wako unaweza kuzidiwa mara tatu. Yangu haikusema ni ipi.

Mhuri nao usikutishe. Namba iliyokuwa kwenye wangu niliitafuta kwenye rejista ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, nikiwa nimeshachelewa. Jina lililotoka si lile la kwenye mhuri.

Sasa hivi nimesimamisha ujenzi. Mhandisi niliyempata baadaye amechimba mashimo matatu ya mita 3 na sampuli zipo maabara, nasubiri aniambie kama kuta zinaokoleka.

Jina la jamaa siliweki hapa, suala liko polisi. Ila kama una ripoti ya kiwanja cha Kibaha, fungua ukurasa wa matabaka. Ukikuta vipande vya kombe, nitumie ujumbe, tunakusanya nakala.